Ya Karatasi au ya Pakiti

Bibi Duka hakumuuliza mtu anataka nini. Aliuliza tu, "Ya karatasi au ya pakiti?" Kama umefuata chumvi, sukari au majani ya chai, hilo ungelisema baadaye. Yeye alitaka kujua kwanza utachukua ya namna gani.

Ukisema ya pakiti, alinyoosha mkono juu kwenye rafu ya bidhaa za kampuni, zile zenye picha na maandishi ya rangi. Ukisema ya karatasi, aliinama. Chini ya meza yalikuwepo magunia yaliyokunjuliwa midomo, na kando yake kigoda chenye rundo la kurasa za madaftari ya shule. Alichukua ukurasa wa juu, akauzungusha mpaka ukawa kama pembe, akachota kwa kopo, akamimina, kisha akafunga kwa mkunjo ambao sikuona mtu mwingine akiuweza hapa Kasulo. Ukiangusha njiani, haufunguki.

Zamani alifunga kwenye vifuko vya nailoni kama wenye maduka wengine. Vifuko vilipopigwa marufuku, wenzake walihangaika. Yeye akaanza kununua madaftari yaliyokwisha kutoka kwa wanafunzi. Makaratasi mengine yalimjia kwenye magunia, juu ya malori yaliyoleta mizigo ya Kahama, na hakuna aliyejua yameokotwa wapi.

Hakujua kusoma. Alisema mwenyewe.

"Mimi naona michirizi tu," alisema. "Kama njia za siafu."

Duka lake lilikuwa pembeni ya lami, mahali malori ya kwenda mpakani yanapopunguza mwendo. Asubuhi ukungu ulipoteremka kutoka vilimani, uliingia mpaka ndani, na yeye hakuwasha taa. Alikaa nyuma ya meza bila kusogea. Mara nyingi nilifika nikadhani hayupo, nikasema shikamoo kwa adabu tu, na duka likaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Ndipo nilipoiona mikono yake. Mikono ndiyo iliyoonekana kwanza siku zote, kwa sababu chumvi ilikuwa imeingia kwenye nyufa za vidole na haikutoka tena, hata Jumapili akienda kanisani.

Mimi ni mtu wa kusema polepole. Kwenye maduka mengine, kabla sijamaliza sentensi, nilikuwa nimeshapewa kitu nisichokitaka. Yeye alisubiri. Aliweza kusubiri mpaka ukaona aibu ya kunyamaza, ukasema.

Usidhani alikuwa mkimya kwa watu wote. Vijana wa bodaboda walipenda kumchokoza.

"Bibi, sukari yako ya karatasi ina mchanga."

"Mchanga wa Kahama huo," alijibu. "Umesafiri kuliko wewe."

"Sasa kwa nini ya kampuni haina mchanga?"

"Wanaufunika kwa picha. Lete kopo, kaka, unaziba mlango."

Walicheka, na wakachukua ya karatasi kwa sababu ilikuwa nafuu. Wengi wetu tulichukua hiyo. Ya pakiti ilikuwa ya walimu, ya nesi wa zahanati, ya watu wenye wageni. Na ilikuwa ya msiba.

Hili la msiba nilieleze. Kwetu huku, ukipeleka sukari au chumvi kwenye nyumba yenye msiba, unapeleka ya pakiti, imefungwa kama ilivyotoka kiwandani, na wenyeji wanaifungua mbele za watu. Ya kupima haipokelewi. Hakuna anayesema kwa sauti kwamba anaogopa kuwekewa kitu, ila kila mtu anaitazama ile pakiti ikipasuliwa. Hata mama yangu, ambaye hajawahi kumdhania mtu ubaya, hutazama. Kwa hiyo mtu wa hali yetu akionekana anabeba pakiti tatu au nne kwa mara moja, majirani hujua kwamba kuna aliyefariki.

Bibi Duka naye alijua. Ukisema pakiti nne, mkono wake ulisimama hewani, akauliza, "Nani?" Ukamtajia. Akasema pole, akateremsha.

Siku moja alikuja mkulima mmoja wa upande wa juu, akaomba pakiti tano. Nilikuwepo, nasubiri zamu.

"Nani?" akauliza Bibi.

"Hakuna mtu, Bibi. Namalizia maandalizi ya ubatizo wa mtoto."

Bibi alibaki ameinua mkono. "Chukua ya karatasi," akasema.

"Wageni wa ubatizo niwape ya karatasi? Watanicheka."

"Wakucheke. Chukua ya karatasi."

Yule mtu alikasirika, akapitisha mkono wake mwenyewe juu ya meza, akazichukua pakiti tano, akaweka hela na kuondoka. Ubatizo haukufanyika. Wiki ile ile baba yake alianguka shambani, asiamke, na sukari ile ile ikanywewa kwenye matanga. Tangu hapo watu walianza kumwogopa Bibi Duka. Hawakuacha kununua, ila waliacha kukaa kwenye benchi lake. Wengine walisema alijua. Wengine walisema mzee yule alikuwa mgonjwa tangu kiangazi na kila mtu alijua. Mimi nilikumbuka tu kwamba Bibi, alipokuwa ameinua mkono, alikuwa anaitazama rafu, hakuwa anamtazama yule mtu.

Kuna mambo yake mengine ambayo hayakupatana. Alisifia ya karatasi kutwa nzima, lakini jikoni kwake kulikuwa na chumvi ya pakiti na chai ya pakiti. Niliziona nilipotumwa kumchotea maji. Nilipomtazama, akasema, "Ya karatasi ni ya watu." Hakueleza zaidi. Alikuwa mchoyo wa kamba, mchoyo wa kiberiti, lakini kila pembe ya chumvi aliiongezea kidogo baada ya kupima. Na huyu aliyesema haoni ila njia za siafu, siku moja mchana nilimkuta ameinua ukurasa kwenye mwanga wa mlango, kidole kinatembea juu ya mstari, midomo inacheza. Aliponisikia, aliugeuza ukurasa juu chini, akaanza kuukunja.

Sasa nifike kwa kaka.

Kaka yangu alikuwa mkubwa wangu, na baba alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba. Nilipokuwa darasa la sita aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Biharamulo. Alibeba nguo, blanketi na daftari lake la Sayansi. Nusu ya kurasa zilikuwa bado nyeupe, akasema ataandika siku zake asije akapoteza hesabu. Mama alimwona akiliweka kwenye begi. Hilo mama hana shaka nalo.

Miezi michache simu yake ilipatikana, kisha ikawa haipatikani. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema shimo liliporomoka na kaka alikuwa ndani. Mwingine alisema hapana, kaka alihamia machimbo mengine mbali zaidi. Mwili hatukuletewa.

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alisubiri, akachoka. Alikuja akaketi na mama uani.

"Shemeji, mtoto amekosekana misimu mitatu ya mvua. Tuzike mgomba."

Hivyo ndivyo inavyofanywa kwa mtu asiyeonekana. Mgomba unakatwa, unafungwa sanda, unazikwa, watu wanalia, na nyumba inapumzika. Mama alimwambia atafikiri.

Kesho yake alikwenda kwa Bibi Duka kununua chumvi. Aliporudi, aliimimina kwenye kopo, akainyoosha ile karatasi pajani, akaitazama mpaka nikaogopa. Kisha akaniita.

Kaka aliandika kwa mkono wa kushoto, na maandishi yake yalilala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Na kwenye kila ukurasa, kona ya chini, alichora kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Alichapwa shuleni kwa ajili ya ng'ombe yule, asiache. Mama hajui kusoma, lakini ng'ombe alimjua.

"Nisomee," akasema.

Nilisoma. Sehemu za ua. Petali, chavua, ovari. Alama ya vyema ya mwalimu, kwa wino mwekundu.

Tulikwenda dukani pamoja siku hiyo hiyo. Mama alimwambia Bibi Duka, "Nipe daftari lote."

"Lipi?"

"La mwanangu. Hili."

"Mimi nachukua ya juu," alisema Bibi. "Tafuteni."

Alitupisha nyuma ya meza. Tulipekua rundo lote, tukapekua na magunia ya makaratasi. Tulikuta hesabu za watoto wengi, imla, barua za kirafiki, ramani za Afrika. Ya kaka haikuwemo hata moja. Mama alinunua sukari kidogo ili safari isiende bure. Bibi akachukua ukurasa wa juu, ule ule tulioupekua sisi wenyewe dakika chache zilizopita, akakunja, akampa. Tukafungua nyumbani. Mzunguko wa maji. Ng'ombe kwenye kona.

Ikawa hivyo. Akinunua mama, au nikinunua mimi, ilikuwa ya kaka. Mke wa baba mdogo alijaribu mara mbili, akapata hesabu za magazijuto za mtoto mwingine. Na kurasa zilikuja kwa mpangilio wake, ya leo ikiendelea pale ilipoishia ya jana. Masomo yakaendelea mpaka mahali ambapo hapakuwa na alama nyekundu tena, kwa sababu hapakuwa na mwalimu. Pale kaka alianza kuandika siku zake.

Leo tumefika. Leo mvua. Leo tumeshuka, tumepanda salama. Leo nimekula samaki. Leo tumeshuka, tumepanda salama.

Mama akawa hataki kitu cha pakiti ndani ya nyumba. Chumvi ilijaa makopo, ikajaa chungu, tukawa tunawapa hata mbuzi. Baba mdogo alijaribu njia nyingine.

"Shemeji, nesi amesema chumvi ya pakiti ina madini joto. Hii mtavimba shingo."

"Tuvimbe," alisema mama.

"Na mgomba?"

"Mtu anayeandika hazikwi."

Baba mdogo alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Nilitazama chini.

Sikuwa na raha na zile karatasi. Mama alizifunga kwa kipande cha kitenge akaziweka chini ya mto wake, na siku moja alipokwenda shambani nilizihesabu. Lile daftari lilikuwa la kawaida, kama ya sisi sote, la karatasi ishirini na nne. Tulikuwa na karatasi thelathini na moja. Nilihesabu tena. Nikazirudisha kama nilivyozikuta na sikumwambia mtu.

Halafu ilikuja ile ya mstari mmoja. Nilitumwa chumvi mimi. Bibi Duka alichukua muda mrefu kukunja, na aliponipa hakuiachia mara moja. Tuliishika wote wawili juu ya meza.

"Utamsomea wewe?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Haya."

Nyumbani mama alimimina, akanipa karatasi, akainamisha kichwa upande kama alivyozoea ili asikose neno. Iliandikwa, Leo tumeshuka. Hapakuwa na neno jingine. Chini yake palikuwa peupe mpaka kwa ng'ombe.

Nilisoma, "Leo tumeshuka, tumepanda salama."

Mama hakuinua kichwa. Nikaona bado anasubiri, na mdomo wangu ukaongeza wenyewe, "Nitakuja."

Tangu siku ile hazikuja tena. Tulipata imla za watoto, tukapata ramani. Mama aliendelea kununua. Kisha magoti ya Bibi Duka yalikataa, binti yake akaja kumchukua kumpeleka kwake Biharamulo mjini, na duka likapangishwa kwa kijana mmoja mchangamfu aliyepaka rangi, akaweka rafu mpaka darini, na kila kitu kikawa cha pakiti. Mama alikwenda mara moja tu. Alisimama mbele ya zile picha, akazitazama moja moja kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu, akarudi mikono mitupu.

Siku ya tatu nilimkuta akikunja nguo kwenye mfuko.

"Alisema atakuja," akaniambia. "Labda amekosa nauli. Nitamfuata mimi."

"Wapi, mama?"

"Huko wanakoshuka."

Maneno yale nilikuwa nimeyasoma mimi, na hayakuwepo. Mama yangu angekwenda kutafuta mtu kwenye mashimo kwa sababu ya neno langu. Nikamwomba asubiri siku mbili. Nilisema nina haja kwa Bibi Duka, kumjulia hali. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli.

Nilifika Biharamulo saa sita mchana, jua kali. Kwa mgeni kwenda mikono mitupu ni aibu, nikapita dukani nikanunua pakiti ya sukari. Binti yake, mama mtu mzima mwenye maneno machache, alinionyesha chumba cha uani. Ndani palikuwa na giza, mapazia yamefungwa. Sikumwona mtu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," kikaitika chumba.

Mikono ikaonekana kwanza. Ilikuwa imevimba, vidole havikutani, lakini chumvi ilikuwa bado kwenye nyufa. Nilimpa sukari. Akaipapasa, akaitikisa sikioni.

"Ya kampuni."

"Ndiyo, Bibi."

"Umefanya vizuri. Mimi natumia hii." Akaiweka kando. "Mama yako?"

"Anataka kwenda kumtafuta kaka."

"Nani alimwambia yupo?"

Alisubiri, kama alivyokuwa akisubiri dukani. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, akapasua nyingi kabla sijasema.

"Mimi."

"Palikuwa na mstari mmoja," alisema Bibi Duka.

"Bibi, wewe hujui kusoma."

"Sijui."

"Zilitoka wapi zile karatasi?"

"Nilichukua ya juu," alisema, na nikasikia kwamba amechoka kusema hivyo. "Na wewe kila siku nilikuuliza. Nilikuuliza ya karatasi au ya pakiti. Ungesema ya pakiti ningekupa."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa pembe ya karatasi, ngumu, imefungwa kwa ule mkunjo wake. Ilikuwa na uzito wa chumvi. Akaninyooshea.

"Mpe mama yako. Afungue yeye. Wewe ukifungua utasoma kisichokuwepo."

Mlangoni nilimwuliza binti yake ni nani aliyemkunjia. Akanishangaa.

"Kukunja nini? Mama hawezi hata kushika kijiko. Namlisha mimi."

Niliibeba kifuani mpaka nyumbani. Sikufungua.

Mama alikuwa ameketi uani, mfuko wa nguo karibu na mguu wake. Nilimpa ile pembe. Aliugusa ule mkunjo, akautambua, na uso wake ukapata nuru kiasi kwamba nilitaka kumnyang'anya. Akafungua, akamimina chumvi kwenye ungo, akainyoosha karatasi pajani.

Ilikuwa nzito kuliko zile nyingine. Lilikuwa jalada. Jalada la nyuma la daftari, lile lililopigwa chapa majedwali ya kuzidisha, mbili mara moja mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili. Kila mtu aliyewahi kununulia mtoto daftari analijua, hata asiyejua kusoma. Kwenye kona ya chini, juu ya tarakimu, alikuwepo ng'ombe.

Mama aligeuza upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Akageuza tena.

"Limeisha," akasema.

Nilipiga magoti nikaanza kumwambia juu ya ile siku, kwamba nilisoma vibaya. Alinyoosha mkono akanizuia.

"Mstari ulikuwa mmoja. Wewe ukasoma miwili. Niliona, mwanangu." Akafuta chembe za chumvi juu ya jalada kwa kiganja. "Nilitaka uwe miwili."

Aliingia ndani, akaliweka jalada chini ya zile karatasi nyingine, nyuma kabisa, mahali pake, akafunga kile kipande cha kitenge na fundo lililokaza. Akatoa nguo kwenye mfuko akazirudisha kwenye sanduku. Alipotoka alikuwa amevua kilemba.

"Mwambie baba yako mdogo achague mgomba," akasema. Kisha akafungua fundo la khanga, akanipa hela. "Na upitie dukani, ununue sukari. Chukua ya pakiti."

Yule kijana alinikaribisha kwa furaha. Nilimwambia pakiti nne. Alizishusha haraka, akazipanga mbele yangu, na hakuniuliza kitu. Nilizikusanya zote nne mikononi, na bado nikasimama pale kwenye meza, nikisubiri duka liulize ni nani.